Ushahidi Niliompa Sakariye

Nina aibu mbili. Ya kwanza niliipata kwa kunyamaza, ya pili nikaipata kwa kusema, na mpaka leo sijaamua ipi ni kubwa. Kusema ndiyo kazi yangu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Garissa mwaka wa kumi na mbili huu, ukinisimamisha mbele ya watoto sitini na kipande cha chaki nitasema mpaka kengele ilie. Harusini ni mimi, msibani ni mimi. Watu wa mtaa wetu wa Bula Iftin wakiwa na neno la kumpelekea Mkuu wa Wilaya, wanakuja kubisha kwangu. "Mwalimu Mohamud yuko wapi? Mwiteni, yeye ana maneno." Basi na mimi nikaamini kwamba kuwa na maneno ni jambo jema wakati wote.

Niwaambieni ya kwanza.

Mwaka wa themanini na mbili nilikuwa kidato cha nne, umri miaka kumi na tisa, na nilitaka redio kaseti. Ndiyo, hiyo tu. Laiti ningeweza kusema ng'ombe wa baba walikuwa wakifa, mngenionea huruma. Hapana. Nilitaka redio yenye spika mbili, kwa sababu mwanafunzi mmoja aliyetoka Nairobi alikuwa akitembea nayo begani na wasichana wakigeuka. Nikavunja kufuli ya ghala la dawa za mifugo kwa nondo, nikatoka na katoni tatu, nikazificha chini ya kitanda cha baba yangu mzazi. Cha baba! Akili za wapi hizo? Siku ya tatu polisi walikuja, wakainama, wakazikuta.

Mkubwa wao alimwambia baba yangu, mzee Sugow, maneno machache. Mali imepatikana nyumba hii, kwa hiyo mwizi ni wa nyumba hii. Mtoe ndani ya siku saba, ama tukuchukue wewe.

Baba akaita ndugu zake. Walikaa chumba cha nyuma cha duka letu, katikati ya magunia ya sukari, mlango umefungwa, mimi nimesimamishwa kwenye kona. Sasa hapa lazima mtuelewe, maana bila hilo mtawaona wazee wetu ni watu wabaya, na hawakuwa wabaya. Kwetu kosa si la mtu mmoja. Mtu wetu akiua, hatumtazami yeye peke yake. Ukoo mzima unatoa ngamia, hata yule aliye mbali kule Lafey ambaye hajawahi kumwona muuaji kwa macho. Tukishatoa, yamekwisha, hakuna tena muuaji. Wazee walidhani serikali nayo huhesabu hivyo: nyumba imekosa, nyumba imetoa mtu wa kukaa jela, tumelipana. Hawakujua kwamba serikali huandika jina, na ikishaliandika halifutiki.

Wakaanza kutafuta nani atolewe. Mimi nilikuwa na mtihani mwezi wa kumi na moja, na nilikuwa mtoto wa kwanza wa ukoo kufika kidato cha nne. Wakasema itakuwa hasara ya watu wote. Mmoja wao ndiye aliyetaja jina la Sakariye.

Sakariye ni ina adeer wangu, mtoto wa ndugu wa baba. Babake alikufa yeye akiwa mdogo. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na minane, hajui kusoma, anachunga ng'ombe huko Sangailu na mamake, Deeqa, ambaye mimi humwita eeddo, yaani shangazi. Siku niliyovunja ghala alikuwa umbali wa siku mbili kutoka hapa. Wakamleta kwa lori la mifugo. Aliingia chumba kile na vumbi lake, akasalimia wazee kwa mikono miwili, akaketi chini. Baba akamweleza. Sakariye akauliza swali moja tu.

"Miaka mingapi?"

"Miezi," baba alisema. "Miezi michache."

Akanitazama. Ningeweza kusema wakati ule. Mdomo ulikuwepo, ulimi ulikuwepo. Nikatazama magunia. Wakamwekea msahafu, akaapa kwamba hatalitaja jina langu katika wizi ule mahali popote, kwa mtu yeyote, maisha yake yote. Mimi hakuna aliyeniapisha. Walijua sihitaji kiapo ili ninyamaze.

Kesho yake alisimama kizimbani akamwambia hakimu, "Ni mimi." Hakimu akampa miaka mitatu. Mimi nilikuwa bwenini nikijisomea, kama nilivyoamriwa, na mtihani nilipita vizuri.

Huko jela, gereza moja la bara, alikutana na mfungwa mmoja aliyekuwa mwalimu, mtu wa Magharibi kwa jina Hesbon. Hesbon akamfundisha kusoma. Alipotoka aliingia darasa la saba, mwanamume mzima mwenye ndevu, magoti hayaingii chini ya dawati, watoto wakimwita babu. Akapita. Akaenda sekondari akapita, akaenda chuo kikuu kusoma sheria. Kila alipopita mimi nilichinja mbuzi na kualika watu. Watu wakasema, tazama Mwalimu anavyompenda ndugu yake, na aliwahi kufungwa! Na mimi nikipokea sifa hizo nikiwa nimeshika kisu. Mungu anisamehe.

Kuna mwingine nisiyepaswa kumsahau. Eeddo Deeqa, tangu siku ile, jina lake Sangailu likawa mama wa mwizi. Kisimani wanawake walisogeza madebe yao akifika. Alivumilia, kwa sababu wazee walimwambia ni kwa ajili ya ukoo, na yeye ni mwanamke wa kushika neno.

Basi ikafika mwaka wa tisini na nane. Sakariye amemaliza kila kitu: chuo, mafunzo, mwaka wa kujifunza kazi chini ya wakili mkubwa. Imebaki kuapishwa. Lakini hakuna anayeapishwa uwakili kabla kamati haijachunguza tabia yake, na kuna fomu. Swali moja linauliza kama umewahi kuhukumiwa kwa kosa la jinai. Akaandika ndiyo, mwaka, kosa, kifungo, kila kitu. Swali linalofuata linasema: eleza majuto yako kuhusu kosa hilo. Hapo Sakariye aliacha wazi. Hakuandika hata nukta.

Kamati ikashangaa. Mtu msomi, karatasi zake zote safi, anaacha wazi mahali ambapo wengine humwaga machozi! Wakaandika barua kwamba watamtuma mjumbe mmoja aje Garissa amsikilize mwenyewe, na amsikilize pia mtu mmoja anayemjua tangu kabla ya kufungwa. Sakariye akalitaja jina langu.

Alikuja kwangu Jumatano, baada ya alasiri, kesho yake ndiyo ya kusikilizwa. Nurto, mke wangu, alituletea chai ya maziwa ya ngamia na nyirinyiri, ile nyama yetu iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwa samli. Sakariye alikuwa amekonda, shati jeupe, kola imepigwa pasi vizuri. Alikunywa kikombe cha kwanza bila kusema. Yeye ndivyo alivyo, maneno yake ni machache na anayatoa moja moja.

"Ina adeer," alisema, "kesho sema unavyonijua tangu nilipotoka. Shule, kazi, msikiti. Ya kabla ya hapo usiyaguse."

"Sakariye," nikasema, "miaka kumi na sita ndugu yangu..."

"Nisikilize. Kwenye sheria kuna jambo moja hapo ambalo..."

"Hapana, nisikilize wewe!" Nikaweka kikombe chini. "Miaka kumi na sita nimebeba kitu hapa kifuani. Nikikuona nashindwa kula. Nikiona mbuzi nashindwa kula. Nani kasema wewe tu ndiye wa kuumia? Wewe umekuwa mwanamume, mimi nimekuwa nini?" Na nikaendelea. Nikasema mpaka muadhini akaanza kuita magharibi. Nililia pia, nawaambia kweli, nililia sana, na Sakariye ndiye aliyenipa leso. Mara mbili alifungua mdomo, na mara mbili nilimkatiza. Mwisho akasimama, akavaa viatu.

"Basi," alisema. "Kesho saa tatu. Uniahidi hutayagusa."

Nikampa mkono. Ahadi sikuitamka, nilimpa mkono tu, nikajiambia kwamba hayo ni mambo mawili tofauti.

Alipoondoka Nurto alikuja kukusanya vikombe. Yeye anajua yote. Nilimwambia mwaka uliotangulia wakati wa mafuriko ya El Niño, maji ya Tana yalipoingia mtaani na mimi nikadhani tunakufa.

"Alitaka kusema nini kuhusu sheria?" aliuliza.

"Ah, unyenyekevu wake tu. Unamjua Sakariye. Hataki kunitia matatani."

"Mimi simjui. Wewe unamjua? Alianza kusema kitu mara tatu, nilikuwa nasikia huko jikoni."

"Hataki niumie, Nurto. Mtu kama huyo!"

"Mfuate umuulize. Hajafika mbali."

"Nitamuuliza kesho."

"Mwalimu," alisema, na vikombe vyake mkononi, "wewe kuuliza unauliza darasani tu, tena maswali ambayo majibu yake unayajua." Akaenda zake. Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Asubuhi nilioga vizuri, nikavaa koti. Walikuwa wametuazima chumba kimoja kidogo pale mahakamani. Mjumbe wa kamati alikuwa wakili wa siku nyingi, Bi. Aketch, mama mnene wa kutoka Nyanza, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Barabara ya kutoka Kenya, kama watu wetu wanavyoita Nairobi na bara yote, ilikuwa bado imebomolewa na mvua, na alikuwa amekuja kwenye msafara wa magari yanayosindikizwa na polisi kwa sababu ya majambazi. Miguu ilikuwa imemvimba, amevua viatu chini ya meza. Karani wake, kijana mmoja Mkamba aitwaye Munyao, ndiye aliyekuwa akiandika.

Na eeddo Deeqa alikuwepo. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amesafiri siku mbili juu ya lori kutoka Sangailu, amejitanda shali mpya ya manjano. Tarishi wa mahakama, Abdishakur, alimwingiza na kumwambia Munyao, "Mama natoka mbali. Nakaa bale karibu na mlango, haina shida." Bi. Aketch akasema akae, mzazi ni mzazi. Abdishakur akaketi karibu naye. Kiswahili cha eeddo Deeqa kinaishia kwenye salamu.

Sakariye aliitwa kwanza. Bi. Aketch alimuuliza mambo ya masomo, ya kazi, halafu akavaa miwani na kuinua ile fomu.

"Hapa uliacha wazi. Kwa nini?"

"Sikupata maneno yanayotosha, mama."

"Leo je?"

"Kilichotokea mwaka ule nakijutia kila siku. Kimemuumiza mamangu kuliko kilivyoniumiza mimi. Tangu nilipotoka sijachukua cha mtu wala sijasema uwongo kwa mtu, na sitaki kusema leo. Zaidi ya hapo sina."

Bi. Aketch alimtazama kwa muda. Halafu akatabasamu, akaandika mstari mmoja, akafunga kalamu. "Inatosha," alisema. "Mwalimu, simama. Wewe kwa ufupi tu, tafadhali. Msafara unaondoka saa tano na ukiniacha nitalala hapa na mbu wenu."

Munyao akacheka. Hata mimi nikacheka. Nikasimama, nikakamata kingo za koti langu, nikaanza vizuri kabisa. Nilisema namjua tangu utoto. Nilisema habari za darasa la saba na magoti yasiyoingia chini ya dawati, Bi. Aketch akatikisa kichwa kwa huruma. Nilikuwa karibu kumaliza. Wallahi, ilibaki sentensi moja, nami niketi.

Lakini nikamtazama Sakariye. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, kama siku ile katikati ya magunia. Nikafikiri: mtu huyu amesimama mbele ya wageni akajutia kosa langu. Mbele ya mamake! Nikasikia aibu inanipanda mpaka masikioni, aibu ya kunifanya nitamani kuvua ngozi. Na badala ya kukaa nayo, nikafanya ninachofanya siku zote. Nikafungua mdomo.

"Mheshimiwa," nikasema, "mtu huyu si mwizi. Mwizi ni mimi."

Sakariye alisema "Mohamud" kwa sauti ndogo. Sikumsikiliza.

Nikasema yote. Redio kaseti, nondo, katoni, kitanda cha baba. Chumba cha nyuma. Lori. Msahafu. Munyao aliacha kuandika akamtazama bosi wake, "Niandike hii?" akaambiwa, "Andika." Kule mlangoni nilimwona Abdishakur ameinama kwenye sikio la eeddo Deeqa, anamtafsiria, na yule mama ameziba mdomo kwa shali. Hilo likanitia nguvu. Nikasema kama kwenye mkutano wa hadhara, sauti inapanda na kushuka. Na niwaambie lililo baya kuliko yote: nilisikia raha. Kila sentensi nikawa mwepesi zaidi. Nilijiona mtu mkubwa. Nilimaliza kwa kusema niko tayari kupoteza kazi yangu, niko tayari kwa jela, lakini ndugu yangu aapishwe akiwa msafi. Nikaketi, jasho linanitoka, nikingoja.

Bi. Aketch alikuwa amevua miwani. Hakunitazama mimi.

"Bwana Sakariye, ni kweli aliyoyasema?"

Sasa fikirieni nilipomweka. Akisema si kweli, amedanganya. Akisema ni kweli, amevunja kiapo cha msahafu. Mwishowe akasema, "Mwenye jambo amelisema mwenyewe. Ni kweli."

"Kwa hiyo mwaka wa themanini na mbili ulisimama mbele ya hakimu ukasema umeiba, ukijua hukuiba."

"Ndiyo."

"Na miaka kumi na sita hukwenda mahali popote kusahihisha."

"Sikwenda."

"Umesoma sheria. Unajua kuidanganya mahakama ni nini."

"Najua. Nilijua tangu mwaka wa kwanza chuoni."

Hapo ndipo nilipoelewa. Lile jambo moja kwenye sheria. Lile alilotaka kuniambia juu ya chai, mara tatu.

Nikaruka. "Mheshimiwa, alikuwa na miaka kumi na minane! Hajui kusoma! Wazee walimwapisha!"

"Mwalimu, keti." Hakunikaripia, na heri angenikaripia. "Kwenye fomu hii ana miaka thelathini na minne. Nasikia ameapishwa na wazee. Mimi natakiwa nimpeleke akaapishwe na Jaji. Siku wazee wakisema hivi na Jaji akisema vile, atamsikiliza nani?" Akamgeukia Sakariye. "Nakuuliza wewe, mwanangu. Wakikuita leo kwenye chumba kile, utakwenda?"

Angeweza kusema hapana. Neno moja tu, nani angemjua? Wakili mwingine yeyote angelisema bila kufikiri.

"Sijui, mama," Sakariye alisema.

Munyao aliandika na hilo pia.

Bi. Aketch alikusanya karatasi zake polepole, akazipanga, akazipanga tena. "Nataka mjue kitu," alisema. "Nilikuja hapa kufunga faili. Mwizi aliyekiri, akafungwa, akakaa miaka yote hii bila doa, huyo tunaweza kumpokea. Mstari wa kumpokea nilikuwa nimeshauandika, huu hapa, wino haujakauka. Lakini mtu aliyeidanganya mahakama kwa makusudi, na bado hajui kama angerudia, siwezi kuuweka mkono wangu chini ya jina lake. Pole sana." Akaukata ule mstari kwa kalamu. Nilisikia sauti ya kalamu kwenye karatasi.

"Basi futa niliyosema!" nikamwambia. "Sikusema kitu! Nifungeni mimi!"

"Hayafutiki, Mwalimu. Na kukufunga si kazi ya kamati yetu. Polisi wako hapo nje, ukitaka nenda."

Nilikwenda kweli, wiki iliyofuata. Sajini alinisikiliza huku akila mirungi, akaniambia faili za miaka hiyo zimeliwa na mchwa, rudi ukafundishe watoto. Shuleni hawakunifukuza. Msikitini wazee walinishika bega wakasema huyu ndiye mwanamume, amesema kweli akiwa na cha kupoteza. Sikupoteza kitu. Hata mshahara wa saa moja sikukatwa. Hiyo ndiyo sababu napita njia ya nyuma, sitaki kushikwa bega.

Lakini siku ile yenyewe haikuwa imekwisha. Bi. Aketch alivaa viatu vyake kwa shida, akampa Sakariye mkono, akaondoka na Munyao kuwahi msafara. Abdishakur alikuwa ameitwa na hakimu tangu nilipomaliza kusema, kwa hiyo hakusikia yaliyofuata, wala hakuyatafsiri. Tukatoka nje, mimi na Sakariye, kwenye jua.

Eeddo Deeqa alikuwa ametutangulia. Alikuwa amesimama kwenye ngazi za mahakama, shali imeshuka mabegani, anawaambia wanawake wauza maziwa, watu asiowajua hata mmoja: "Mwanangu si mwizi! Mmesikia? Imesemwa ndani, imeandikwa! Si mwizi, hakuwahi kuwa mwizi!" Wanawake wakapiga vigelegele, kwa nini wasipige. Aliponiona alinijia mbio, mama wa miaka sitini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili akaubusu.

"Mohamud, mtoto wangu. Mungu akulipe. Mungu awalipe watoto wako. Nilidhani nitakufa na jina lile." Machozi yanamtiririka na anacheka. "Na sasa ameshakuwa wakili? Yule mama amesema nini? Nilimwona anaandika."

Nikamgeukia Sakariye. Nilimtazama jinsi nilivyokuwa nikiwatazama watu wazima nikiwa mdogo, ili mtu mwingine aseme. Uso wake haukuwa na hasira. Ningeijua hasira, ningejua la kuifanya.

"Mwambie wewe, ina adeer," alisema. "Leo umeshaanza kusema. Malizia."

Akashuka ngazi, akaketi kwenye jiwe karibu na lango, akaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Nikamwambia mamake. Nilimwambia kwa lugha yetu, bila mapambo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikitumia maneno machache. Kwamba wangempokea kama mwizi aliyetubu. Kwamba hawampokei kama mtu aliyedanganya mahakama kwa ajili yangu. Kwamba kabla sijasimama, yule mama alikuwa amekwisha kuandika ndiyo.

Hakulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wangu bado uko ndani ya mikono yake, halafu akamtazama mwanawe kule langoni kwa muda mrefu.

"Yeye alikuomba useme?" aliniuliza.

"Hapana, eeddo," nikasema. "Aliniomba ninyamaze."

Akaniachia mkono.